Nyanya Yuko Juu ya Orodha

...na orodha ya kwenye skrini ikajifunga tena, kama mlango wa mtu aliyekuona unakuja, kwa sababu mkono wake umetetemeka kidogo tu na kile kimshale kimeponyoka nje ya orodha, na orodha hii haitaki mtu anayetetemeka, ukitoka nje ya mpaka wake inajikunja yote mpaka juu na kubakiza neno moja ndani ya kisanduku, Nyanya, limekaa pale limetulia kama mpangaji aliyelipa kodi ya mwaka mzima, "Fungua tena," mama mkwe akasema nyuma ya bega lake, karibu sana, pumzi yake ina harufu ya chai ya tangawizi aliyopikiwa asubuhi na Njoki huyuhuyu, "fungua, nyar Mbuthia, ulisoma mpaka darasa la nane na mashine inakushinda kusoma neno moja?" na wale vijana wawili wanaosubiri kupiga kopi mlangoni wakacheka, hawakucheka sana, lakini walicheka... nyar Mbuthia, binti Mbuthia, miaka sita tangu aolewe na mwanawe na bado hajawahi kumwita Njoki, hata siku moja, hata siku ya kumzika huyo mwanawe, Sylvance, alimwita hivyohivyo, nyar Mbuthia sogea, nyar Mbuthia unakanyaga udongo, na Njoki akasogea, yeye amesogea maisha yake yote. Akabonyeza mshale mdogo kando ya kisanduku na orodha ikashuka kama ulimi, Nyanya, Babu, Shangazi, Mjomba, Jirani, Mwingine, na Nyanya pale juu amepakwa rangi ya buluu kabla hata mtu hajamchagua, na juu ya yote swali lenyewe, Nani atamchukua mtoto langoni?, swali rahisi namna hiyo.

Shule ilituma ujumbe kwa simu za wazazi wote, kila mzazi ajaze ukurasa wa mtandaoni kabla ya saa sita leo, kwa sababu Ijumaa chekechea inafungwa na mtoto hatatolewa langoni ila kwa mzazi wake au kwa mtu aliyeandikwa, na simu yake kioo kimepasuka, ukurasa ukifunguka unaonyesha nusu, ndiyo maana yuko hapa kwenye saiba ya Mureithi, kwa kompyuta za kukodi, mita chache kutoka kibanda anachoshonea sweta sokoni Jericho, na alitaka kuja peke yake, alijua kabisa alitaka kuja peke yake, lakini mama mkwe alikuwa ameshavaa viatu, ameketi ukingoni mwa kitanda na mkoba mapajani na kitambulisho mkononi, "Twende ukaniandike," kama vile lilikuwa jambo lililozungumzwa na watu wakakubaliana... na nani alikubali? Hakuna aliyekubali. Ni vile tu hakuna aliyekataa. Kitambulisho hicho sasa kiko mezani kando ya kibodi, kimegeuzwa juu, picha ya mwanamke mwenye paji la uso pana linalong'aa, paji la Sylvance, paji la mtoto, na Njoki hawezi kuliangalia hilo paji akachukia kama anavyotaka kuchukia, hapo ndipo shida yake ilipo, mtu anamtukana na yeye anaona mikono ya mtu huyo ilivyopasuka, anamwonea huruma anayemkanyaga huku amekanyagwa. "Weka," mama mkwe akasema. "Naweka, mama." "Unaweka nini, unachezacheza tu, kile kitu kinapanda na kushuka kama kinyonga." Mureithi akageuka kutoka kwa mashine ya kopi, kijana mpole mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka, akasema, "Wacha mathe, atamaliza tu. Madam, sikiza, hiyo menyu ukiiacha hivyo inaenda na ya kwanza. Hiyo kitu haijui kunyamaza. Usipochagua, imekuchagulia."

Usipochagua imekuchagulia... "Kwa hiyo nikibonyeza Tuma hivi ilivyo?" "Itatuma Nyanya. Na si hapo peke yake, cheki huku chini," na Mureithi akanyoosha mkono juu ya bega lake, kwa adabu, bila kumgusa, akazungusha ukurasa ukapanda, na kumbe chini kuna orodha nyingine ileile, na nyingine, Nani apigiwe simu mtoto akiugua?, Nyanya, na ya tatu, Nani anaruhusiwa kusafiri na mtoto likizo?, Nyanya, buluu, buluu, buluu, "ni menyu moja, unaona? Ni kijana mmoja, Okinyi, aliitengenezea shule, alikuwa anakuja hapa kila jioni, kwa hiyohiyo mashine umekalia. Aliiandika mara moja akaibandika kila pahali, ndio asiandike upya. Ukiguza ya juu, za chini zinaifuata. Nilimwambia, buda, si ungeanza na neno tupu, Chagua, kama watu wengine, akaniambia aah, nyanya yake ndiye alimlea huko mtaa wa Tena tangu akiwa mdogo, ndiye alikuwa anamngoja kwa geti, akiandika orodha yoyote lazima aanze na yeye." Na Mureithi akacheka kwa upendo na kurudi kwa kopi zake, na Njoki akabaki na hicho kitu kifuani, kijana asiyemjua, jioni, ameinama juu ya kibodi hii yenye herufi zilizofutika, anaandika jina la mtu mmoja aliyemngoja langoni na mwavuli labda, na kipande cha mhogo kwenye karatasi labda, anamweka juu ya wote ili asisahaulike, huo ni wema, huo ni wema mtupu, na wema huo umekuja mpaka hapa, umeingia kwa kila swali, na unataka kumnyang'anya mtoto wake. Si lazima kiwe kibaya kitu kinachokuumiza. Lakini hapana, anafikiri nini, nani amesema kunyang'anya, mama amesema tu atamsaidia kumchukua Adongo langoni siku hii moja ya kufunga, kwa sababu Njoki yuko kazini na sweta za muhula ujao, ni msaada, "Mimi nimekuja kukusaidia," ndivyo alivyosema tangu aliposhuka na mizigo yake kutoka Ugenya wiki chache zilizopita, akaingia chumbani akatazama kila kona, akatazama mtoto, akasema, "Amekonda."

Amekonda. Wakati mtoto ana mashavu kama mandazi. Na orodha ikajifunga tena, alikuwa amesahau mkono wake, na mama mkwe akafyonya, mfyonyo mrefu wa kutoka chini kabisa, "Haya! Sasa umelala," na mwanamke mmoja aliyekuwa anachapisha barua ya kazi kwenye mashine ya pembeni akamwangalia Njoki na kumpa tabasamu dogo, dogo sana, la pole dada, kisha akarudi kwa barua yake, na Njoki akalishika tabasamu hilo kama mtu anayeshika ukuta gizani. Akafungua tena. Nyanya, Babu, Shangazi. Ni kweli alimsaidia. Lazima aseme ukweli hata kama ni ndani ya kichwa chake tu, siku Adongo alipoletwa nyumbani kutoka hospitali ni mwanamke huyu aliyechemsha maji, akamkanda tumbo kwa taulo la moto akimkemea, usilie, usilie wewe, unalia na mtoto ametoka, akapika uji wa wimbi mzito wa ndimu, akambeba yule mtoto mwenye tumbo la gesi akitembea naye kutoka mlangoni mpaka dirishani mpaka kukapambazuka, akiimba kwa sauti mbaya, na pale msibani, Phares, ndugu yake Sylvance, na wenzake walipokuwa wanabeba vitu, walishabeba televisheni, walishabeba suti ya Sylvance na redio, wakashika kitanda, ni yeye aliyesema, wacheni kitanda, huyu atalala wapi na mtoto? Kitanda kikabaki. Kila usiku Njoki analala juu ya neno la mwanamke huyu. Na ni mwanamke huyuhuyu aliyemwambia juzi mbele ya wateja sokoni, "Wewe ni kijana, kesho utaolewa na Mkikuyu mwenzako, na mwanaume gani atalea mtoto wa Sylvance?" na jana, alipomwona Adongo akila wali kwa Nafiso, jirani mwenye duka la mlango wa pili, "Damu ya mwanangu inalelewa na mwenye duka! Huna aibu?" na Nafiso alikuwa amesimama palepale, amesikia kila kitu, akaongeza wali kwenye sahani ya mtoto, akampa na mama mkwe kiti.

Adongo... na hilo jina pia. Kwao Njoki msichana wa kwanza anapewa jina la mama wa baba yake, haiulizwi, haijadiliwi, ni heshima, unamrudishia mtu jina lake angali hai ili alione likikimbia uani, na yeye akiwa bado amelala kwenye kitanda cha hospitali, na nyuzi hazijakauka, alisema, anaitwa Adongo, akamwangalia mama mkwe akitarajia, sijui alitarajia nini, labda mkono begani, na ndugu wote wa Sylvance wakaangua kicheko mle wodini, Adongo? Adongo ni yule wa pili wa mapacha, anayemfuata mwenzake tumboni, mama mkwe aliitwa hivyo kwa sababu alitanguliwa na dada, "Sasa wewe nyar Mbuthia, yuko wapi wa kwanza? Umemficha chini ya kitanda?" na Phares akainama kweli kutazama chini ya kitanda, mjinga yule, na wauguzi wakacheka pia. Sylvance hakucheka. Sylvance, na mikono yake ya karakana ya reli isiyotakata hata kwa sabuni ya unga, alimchukua mtoto akasema, wa kwanza ni mama yangu, huyu ndiye anayemfuata, mnaona shida gani? Lakini mama mkwe alichukua maneno hayo akayaweka moyoni kwa namna yake, na tangu siku hiyo husema mtoto ni wake, jina ni langu, mtoto ni wangu, ulimwita wewe mwenyewe kwa mdomo wako, nani alikulazimisha? Zawadi aliyoitoa kwa mikono miwili imegeuzwa kuwa kamba. Jina ni moja, watu ni wawili, mbona hilo ni gumu, mbona Mureithi ameshika vizuri sana kuwa menyu ni moja iko mahali patatu na kila mahali pana swali lake, na mtu mzima aliyezaa wanane hawezi kuona kwamba Adongo huyu anaogopa kuku, anapenda kuvaa soksi kichwani, anampigia marehemu baba yake simu ya plastiki na kumwambia, baba usichelewe?

Simu ikalia, simu ya mama mkwe, mlio ule wa sauti ya juu, akaitoa kifuani akaiweka sikioni na kuongea Kijaluo palepale nyuma ya kichwa cha Njoki kana kwamba kiti kina mtu asiye na masikio, "Phares," na Njoki akaendelea kutazama skrini, Babu, Shangazi, Mjomba, yeye Kijaluo hakijui, anaokota tu neno hapa na pale kama mtu anayeokota vifungo sakafuni, nyathi, hilo ni mtoto, dala, hilo ni nyumbani, bas, Friday, haya hata kipofu angeyajua, Ijumaa atapanda basi kurudi kwao, sawa, aende salama, Mungu anisamehe nimefurahi, atamtia mkate na soda ya safari, atambebea mfuko mpaka stendi, ndiyo, hata atalia kidogo... "Tiketi ariyo," mama mkwe akasema. Phares akauliza kitu. "Ee, ariyo, ariyo."

Ariyo. Hilo analijua. Hilo analijua kuliko maneno yote ya lugha ile kwa sababu kila jioni, mlango ukishafungwa na jiko likiwa limebaki na makaa, Sylvance alikuwa anamlaza Adongo kifuani na kukamata kiganja chake na kuhesabu vidole, achiel, anakivuta kidole gumba, ariyo, adek, ang'wen, na akifika abich, kidole cha mwisho kile kidogo, anakunja mkono wote kuwa ngumi na kuubusu, na mtoto anacheka mpaka anapata kwikwi, tena baba, tena, na Njoki akiosha vyombo alikuwa anahesabu nao kimyakimya, achiel, ariyo, moja, mbili. Tiketi mbili. Mama mkwe alikuja peke yake. Alikuja na begi moja na kuku mmoja, akala naye siku zote hizi, akalala naye kitanda kimoja, mtoto katikati, na anarudi na tiketi mbili. Kwa hiyo ndivyo. Langoni Ijumaa, mlinzi atafungua ile karatasi, ataona Nyanya, atamwita Adongo, Adongo atakuja anakimbia, dani, dani, yaani nyanya, kwa sababu anampenda, hilo nalo, anampenda kwelikweli nyanya yake, atapewa mkono, watavuka barabara, na yeye atakuwa Jericho ameinamia sweta ya mtoto wa mtu mwingine, mguu kwenye pedali, na hata akienda kupiga kelele shuleni watamwonyesha ukurasa, mama wewe mwenyewe ndiwe uliyejaza, hii hapa, langoni Nyanya, ugonjwa Nyanya, safari Nyanya, ulituma mwenyewe kabla ya saa sita. Na watakuwa wanasema ukweli. Ulimwita wewe mwenyewe kwa mdomo wako, nani alikulazimisha?

Moto ukampanda, hakujua kama ana moto wa namna hiyo, alitaka kugeuka, alitaka kumtupia kile kitambulisho usoni, mwizi wewe, mzee mzima unanunua tiketi ya mtoto nyuma ya kichwa cha mama yake, umekunywa chai yangu asubuhi hii, nimekupikia na tangawizi kwa sababu ya kifua chako... na hakugeuka. Mkono ulibaki juu ya kipanya. Orodha ilibaki wazi, kwa mara ya kwanza haikujifunga, ajabu, mkono umekuwa mgumu kama kigogo. "Umeweka?" mama mkwe akauliza, simu imerudi kifuani, sauti imekuwa laini ghafla, karibu tamu, "weka basi, nyathina, tutoke, kuna joto humu." Nyathina. Mwanangu. Miaka sita akisubiri neno hilo, miaka sita, angelipewa siku ya msiba angelilia juu ya bega lake mpaka asubuhi, na limekuja leo, limekuja likiwa na kazi ya kufanya. Na lililo baya zaidi ni kwamba anaona, hata sasa macho yake hayawezi kuacha kuona, vidole vya yule mama vinavyopapasa kamba ya mkoba, vinatafuta kitu, mama aliyemzika kijana wake na amebakiwa na paji la uso moja tu duniani la kuligusa, angemlaza mtoto kifuani kule Ugenya, angemwambia hapa baba yako alianguka kutoka mtini, hapa alifichia viatu mtoni, angempa maziwa, asingempiga, Njoki anajua asingempiga. Angempenda. Na mtoto angekua, na siku moja angesema mama na kumwangalia mwingine. "Au nikushikie hicho kitu?" na mkono wenye mipasuko ukaja juu ya meza, "Wacha, mama," Njoki akasema, hakupaza sauti, na mkono ukasimama hewani, kando ya kibodi, kwa sababu labda hajawahi kusikia neno hilo, wacha, kutoka kinywani mwake, wala Njoki mwenyewe hajawahi.

Wacheni kitanda, huyu atalala wapi. Nimekushukuru, mama, anafikiri, nilikushukuru jana na nitakushukuru nikiwa mzee, kitanda ni chako, uji ni wako, ule wimbo wako mbaya ninaujua wote, njoo kila Disemba ulale katikati yetu, na likizo nitamleta Ugenya mwenyewe, kwa mkono wangu, nitakaa nawe wiki mbili nikitukanwa na nitarudi naye kwa mkono wangu... shukrani ninayo, lakini sitakulipa kwa mtoto wangu. Kumbe mtu anaweza kuona wema wote wa mtu, wote bila kuacha hata tone, na bado akasema hapana. Hakuna aliyemwambia. Alidhani moyo laini ni mlango usio na komeo, alidhani ndivyo Mungu alivyomuumba, kila anayekuja na wema mmoja anaingia mpaka chumbani, na alipokuwa ananyamaza alidhani amenyamaza, kumbe alikuwa anasema ndiyo, televisheni, ndiyo, suti, ndiyo, nyar Mbuthia sogea, ndiyo, ndiyo, buluu mpaka chini. Kitambulisho cha Nafiso hana hapa lakini nambari yake ya simu anaijua kwa kichwa, Nafiso aliyemfunika Adongo kwa shuka lake siku ile ya mvua mtaro ulipofurika, akamvusha mgongoni, akamkausha nywele, na jioni aliposhukuriwa alisema, "Mvua gani, walahi? Sikuona mvua," na kubadilisha mazungumzo kuwa bei ya sukari. "Madam, ni saa sita kasoro," Mureithi akaita kutoka kwa mashine ya kopi, "tumalize?" "Anamaliza," mama mkwe akajibu kwa niaba yake. Feni ya mashine inavuma, vijana wa mlangoni wanatazama mguu wa mwanamke anayepita, kitambulisho kiko palepale kimegeuzwa juu, kimshale kiko juu ya Nyanya, buluu, hakuna kilichosogea hata kwa unywele, na Njoki ameanza kuhesabu mistari bila kufungua mdomo, polepole, kwa sauti ile ya mikono isiyotakata, Nyanya, achiel, Babu, ariyo, Shangazi, adek, Mjomba, ang'wen, na akaona kidole kile cha mwisho kidogo kinasubiri kuvutwa, kimshale kikaanza kushuka, Jirani, abich...